Waya Mbili Chini ya Kiti

Wiki iliyopita nilipita kwenye gereji moja ya Mikocheni nikamkuta fundi kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, anamkabidhi mteja trekta dogo la bustani. La zamani, lile la kukalia, la kukatia nyasi. Alikuwa amelipiga rangi nyekundu likang'aa kama kucha za bi harusi, na injini ilinguruma vizuri bila moshi. Nikampongeza kwa moyo safi. Halafu nikafanya ninachofanya kwa kila trekta la aina ile: nikainua kiti nikachungulia. Chini yake waya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kuviringishwa tepu nyeusi.

Nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Akacheka, akanishika bega.

"Mzee wangu, hiyo ishu ndogo. Si linafanya kazi?"

Nikamgeukia mteja nikamwambia asilichukue. Mteja akamtazama fundi wake, na fundi akamwambia kwamba wazee wa zamani wanaogopa kila kitu. Wakalipakia kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, wakaenda zao. Nilirudi kwangu Mbagala chakula hakishuki. Mke wangu akadhani nimeletewa habari ya msiba, akaanza kuniuliza ni nani.

Kwa hiyo naandika. Nimestaafu, magoti yameshanikataa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba mambo ya spana nimewaachia nyie mafundi vijana. Lakini nina hasira, na sitaki kuificha kwa maneno ya hekima. Na kabla hamjanuna, jueni kwamba hasira niliyonayo kwenu ni ndogo. Kubwa ninayo kwa mtu mwingine, na huyo nanyoa ndevu zake kila asubuhi.

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini. Si magari. Fundi magari huku Dar ukirusha jiwe unampiga. Mie nilikuwa natengeneza mashine za bustani, hasa hayo matrekta madogo yaliyoletwa na wageni waliojenga mahoteli na nyumba kubwa za pwani. Wenyewe waliondoka, matrekta yakabaki nyuma ya mabanda mpaka kuku wakatagia kwenye injini. Trekta nililopokea safari ya kwanza kabisa lilikuwa na mayai sita. Nilikula mawili kabla sijaandikishwa kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Nassor. Ukoo wake ni Waarabu wa miaka mingi hapa mjini, wauza spea baba kwa babu, lakini yeye kukaa nyuma ya kaunta kulimshinda, akawaachia ndugu zake duka akafungua karakana Mikocheni. Mie nilitoka Masasi, Mmakua nisiyejua hata kufungua plagi. Siku tatu za mwanzo hakunipa spana. Alinipa kigoda, akaniambia nilitazame trekta bovu lililokuwa pale uani. Jioni ananiuliza nimeona nini. Nikisema nimeona kutu, ananiambia nikatazame tena. Siku ya tatu nikamwambia gurudumu la kushoto mbele limelika upande wa ndani, la kulia halijalika. Akaniuliza kwa nini. Sikujua. Akaniambia sasa ninaweza kuanza kazi, kwa sababu nimepata swali.

Nyie leo injini ikigoma kuzunguka mnaipiga nyundo. Nawaona. Sikilizeni: injini iliyoganda kwa kukaa miaka haipigwi. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na oili ya gia, ziba kwa kitambaa, uondoke. Uondoke, nasema. Kila asubuhi lishike gurudumu la injini kwa mikono miwili, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya nane au ya kumi litasogea, na utalisikia mwenyewe. Tangi lenye kutu litie kokoto ndogo na mafuta ya taa, ulifunge, ulitikise mpaka mikono ife ganzi. Kitundu cha kabureta usikizibue kwa waya, kizibue kwa unywele mgumu wa brashi, maana waya unakipanua na tangu hapo injini itakunywa petroli kama mlevi wa Jumamosi.

Na makosa nimeyafanya. Mwaka wangu wa pili nilifungua difu, lile boksi la gia za ekseli ya nyuma, ya trekta moja nikairudisha upande usio wake. Nikakaa juu kwa majivuno, wateja wawili wananitazama, nikaweka gia ya kwanza. Trekta likaenda kinyumenyume, likapanda meza ya kahawa ya Mzee Nassor na kulala juu ya birika. Lilikuwa na gia tatu za kurudi na moja ya kwenda mbele. Mzee hakupaza sauti. Alinituma nikanunue vikombe vingine, kisha akanifungulisha difu ile na kuifunga mara nne, nikitaja kwa sauti kazi ya kila kipande mbele ya mafundi wote. Mafundi wakanipa jina la Kinyume, na nililibeba miaka.

Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukachoka nalo. Kwamba kila kitu kilichowekwa kwenye mashine kimewekwa kwa sababu. Usikitoe kabla hujaijua sababu yake, na ukishaijua hutakitoa. Tulikuwa tunamwigiza akiwa hayupo, tunabana pua na kukunja uso. Mie ndiye niliyekuwa namwigiza vizuri kuliko wote.

Mzee Nassor alipozeeka aliniachia karakana, akawa anakaa nyumbani kwake mtaa wa pili. Ni wakati huo alipokuja Bakari.

Alikuwa mtu mwembamba, amevaa gambuti, ameshika kikapu cha ukili. Nilidhani anauza kitu. Ndani ya kikapu kulikuwa na kabureta imefungwa kwenye khanga ya mkewe. Akanieleza kwamba ni mtunza bustani wa hoteli moja ya Kunduchi, na huko nyuma ya chumba cha dobi, chini ya maua ya karatasi yaliyokuwa yamejifunga kama boma, amekuta trekta. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanafyeka uwanja mzima wa hoteli kwa fyekeo, kila wiki, jua la pwani likiwachoma. Alitaka kujua kama kitu kile kinaweza kufufuka. Alikuwa Mmwera wa Lindi. Wote watu wa kusini, tukaanza kutaniana palepale.

Meneja wa hoteli akakubali baada ya Bakari kumwandama mwezi mzima. Trekta lilipoletwa, nilikaa kwenye kigoda nikalitazama, kama nilivyofundishwa, na Bakari akakaa pembeni akalitazama pia bila kuambiwa. Tulifanya kazi ile miezi minne. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alikuja. Yeye ndiye aliyekwangua kutu. Yeye ndiye aliyekwenda mtaa wa Gerezani mara tatu kumrudishia fundi wa kuchonga vyuma bushi zisizoingia sawasawa, mpaka yule bwana akamuuliza kama ana kipimo machoni. Kiti kilishonwa Mabibo na mshona viti vya pikipiki. Siku injini ilipowaka, Bakari aliiacha ingurume. Alikwenda kwenye bomba, akanawa uso, akarudi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Trekta lile lilikuwa na klachi ya umeme inayozungusha visu vya kukatia nyasi. Chini ya kiti kulikuwa na swichi. Ukikaa, uzito wako unaibonyeza, umeme unapita, visu vinazunguka. Ukiinuka, umeme unakatika na visu vinasimama. Injini inaendelea kunguruma, lakini visu vimekufa. Aliyeliunda alijua kwamba binadamu, nyasi zikiziba, atateremka na kuingiza mkono.

Nilimweleza Bakari haya mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Nilimwambia nyasi zikiziba asihangaike kuzima injini, ainuke tu, asubiri kidogo, asafishe. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza. Leo nawaambia zimeni, chomoeni ufunguo, utieni mfukoni, ndipo mguse. Lakini yeye nilimwambia vile, na alinisikiliza kama alivyonisikiliza kwa mengine yote.

Trekta lilifanya kazi miezi miwili vizuri. Kisha swichi ikaanza kuchoka. Kibati chake cha shaba kilikuwa kimelika, na Bakari alikuwa mwepesi, kwa hiyo kila trekta likiruka kishimo visu vinazima na kuwaka. Uwanja ukawa na mabaka kama kichwa cha mtoto kilichonyolewa na kaka yake. Ijumaa moja meneja akanipigia simu. Kesho yake kuna harusi pale uwanjani, wageni wakubwa, na majani yako vile.

Nilifika saa saba mchana. Bakari alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa. Nikakagua, nikamwambia meneja kwamba kibati lazima kichongwe kipya, anipe mpaka Jumapili. Meneja alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, hana ubaya usoni. Akaniambia harusi haisubiri Jumapili.

"Unganisha tu hizo waya, fundi. Wiki ijayo utakuja kutengeneza vizuri."

Nikaunganisha. Nikasokota, nikaviringisha tepu nyeusi, kiti nikakirudisha. Haikuchukua dakika tano. Nikamwambia meneja amweleze Bakari kwamba sasa kuinuka hakusimamishi visu. Akasema atamwambia. Nilikuwa na kazi nyingine inanisubiri, sikumngoja Bakari atoke msikitini. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara. Sauti ya imamu naisikia, na bado sikungoja.

Wiki ijayo haikuja. Ya kwanza nilikuwa na pampu ya mtu. Ya pili meneja akaniambia hakuna haraka, trekta sasa linakata vizuri kuliko mwanzo. Neno lile lilinifurahisha. Ya tatu nilikuwa nimeshasahau.

Ya nne ilinyesha mvua. Bakari akaingia kukata nyasi zikiwa mbichi, zikaganda chini ya trekta mpaka visu vikakwama. Akafanya kama nilivyomfundisha. Akainuka, akateremka, akasubiri kidogo. Visu kweli vilikuwa vimesimama, kwa sababu nyasi zilikuwa zimevibana, siyo kwa sababu umeme umekatika. Akaingiza mkono akavuta furushi la nyasi. Visu vikaachiliwa.

Vidole vinne vya mkono wa kulia. Kilibaki gumba.

Kesho yake asubuhi meneja aliniita ofisini kwake. Hakunifokea. Aliniagizia chai. Mezani kulikuwa na karatasi iliyochapwa, inasema mashine ilikaguliwa na fundi na ilikuwa salama, na kwamba mfanyakazi aliingiza mkono kwa uzembe wake mwenyewe, kinyume na maelekezo. Chini kulikuwa na mstari wa jina langu. Meneja akaniambia kwa upole kwamba mambo haya yakifumuka wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika bisibisi. Nikisaini, mie na yeye tumesalimika.

Nilisaini.

Sikutishwa. Sikushikiwa kisu. Nilisaini kwa sababu chai ilikuwa ya moto, yule kijana alikuwa mpole, na mie nilikuwa naogopa. Hasira yangu haijapata pa kutua tangu siku ile.

Siku ya pili yake nikaenda hospitali. Bakari alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, mkewe Zuhura ameketi pembeni anampepea. Nilikuwa nimepanga kusema pole na kuondoka. Aliponiona akajaribu kuinuka.

"Fundi, nisamehe," alisema. "Nimekuharibia sifa ya mashine yako. Nalala hapa nafikiria nimekosea wapi. Niliinuka. Nilisubiri. Niambie, nilisahau nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa ametumia usiku wake wote, na maumivu yale, akijipanga upya hatua kwa hatua kama mwanafunzi aliyefeli mtihani, akitafuta kosa lake.

Nikamwambia hakusahau kitu. Nikamwambia nilizifunga zile waya akiwa msikitini, na sikumwambia. Nikamwambia na habari ya karatasi. Alinitazama, akageuza uso ukutani. Zuhura aliweka kipepeo chini, akasema neno moja tu, bila kupaza sauti.

"Toka."

Nikatoka. Miguu yangu ikanipeleka kwa Mzee Nassor, kama mtoto anayekimbilia kwao. Alikuwa barazani na redio yake. Nikamweleza yote, nikilia, mtu mzima na mvi zangu. Nilitaka anipige au anifariji, lolote kati ya hayo. Alizima redio. Akaniuliza swali ambalo halikuwa limenipitia kichwani, wala kichwani mwa meneja, wala mwa mtu yeyote aliyeandika au kusaini kitu katika siku zile mbili.

"Zile waya, bado zimefungwa?"

Sikumbuki nilivyofika Kunduchi. Nakumbuka nilisikia sauti ya injini kabla sijaingia getini, na nikaijua, maana nilikuwa nimeiamsha mimi. Kuna mtu juu yake. Mwenzake Bakari, mzee mmoja aitwaye Chande, amepewa trekta asubuhi hiyo na kuambiwa amalizie uwanja. Damu ilikuwa imeoshwa kwa mpira wa maji.

Nikampungia asimame. Nikamwomba ainuke kidogo pale juu. Akainuka, ananishangaa. Visu vikaendelea kuvuma chini ya miguu yake. Nikazungusha ufunguo nikauchomoa, nikakitupa kiti kando, nikazikata waya zile kwa koleo. Watu wa jikoni na wa dobi walishaanza kukusanyika. Nikawaambia wote, kwa sauti ambayo hata mie sikuijua, kwamba Bakari hakukosea, kwamba mashine hii ilikuwa mtego, na aliyeutega ni mimi.

Meneja akatoka. Akanivuta pembeni, akaniambia niache kujidhalilisha, nilishasaini.

"Nilisaini uongo," nilimwambia. "Waya nimefunga mie. Aliyesema nifunge ni wewe. Sasa nakwenda ofisi ya kazi kuyaandika yote mawili, na kesho ukitaka tupelekwe mahakamani pamoja."

Lakini sikuondoka kwanza. Nilikaa chini ya kibaraza cha jiko, nikamwomba mpishi kopo la vifaa vibovu, nikapata kibati cha shaba kutoka kwenye soketi iliyoungua. Nikakikata, nikakisugua kwa msasa, nikakikunja, nikakifunga mahali pake. Nikamwambia Mzee Chande akae, ainuke, akae, ainuke, mara ishirini. Mara ishirini visu vilisimama.

Kazi ile ilinichukua saa moja na nusu. Ile niliyosema inahitaji mpaka Jumapili, ile niliyoiahirisha wiki zote zile, kwa soketi mbovu kutoka jikoni. Ningeweza kuifanya Ijumaa ile, kabla ya harusi, Bakari akiwa kwenye swala, na leo angekuwa na vidole vyake kumi.

Ofisi ya kazi nilikwenda. Mwanamke aliyeandika maelezo yangu aliniuliza mara mbili kama naelewa kwamba najishitaki mwenyewe. Karatasi ya kwanza ilifutwa, Bakari akalipwa haki yake ya kuumia kazini, na hilo sikulifanya kwa ushujaa, msije mkanisifia. Mtu akikuvunjia nyumba halafu akakurudishia mlango humwiti mfadhili. Meneja alihamishiwa tawi jingine, na nasikia alipanda cheo. Hilo nalo linanichoma. Mahoteli yalinikwepa kwa muda mrefu, nikawa natengeneza pampu na majiko ya mafuta ya taa. Nilistahili.

Trekta lenyewe lilikuja kufa baadaye kwa sababu ya chumvi ya bahari na uvivu wa watu, likauzwa skrepa. Sikulifuata. Kuna mafundi wanaolia kwa ajili ya mashine. Mie machozi yangu yalishapata kazi nyingine.

Tangu mwaka ule kila trekta nililotengeneza niliinua kiti mbele ya mwenye kuliendesha, si mbele ya bosi wake. Mwenye kuliendesha. Nilimkalisha na kumwinua mpaka akachoka nami. Wakubwa walinuna, wakasema napoteza muda wa watu. Na kama swichi imekufa na kipuri hakuna, trekta halikutoka karakana. Mteja alitukana, akaondoka, mara nyingine hakurudi. Nyie mnaogopa mteja akiondoka. Ningependa muogope anapobaki kwa sababu mmemfungia waya.

Na msiniambie mambo ya umaskini na haraka. Najua haraka. Najua mteja aliyesimama juu ya kichwa chako anatazama saa. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote: kwamba lile kosa halikufanywa na mlevi wala mjinga. Lilifanywa na fundi aliyefundishwa vizuri, aliyejua sababu ya kile kidude, aliyemwigiza mwalimu wake akisema usikitoe. Kujua hakukunizuia hata dakika tano.

Bakari leo anauza miche ya maua na matunda kando ya barabara, hapohapo Mikocheni. Alijifunza kubebesha miembe, kuunga kikonyo cha mwembe mmoja kwenye mche wa mwingine, kwa mkono wa kushoto, kisu anakibana kwa gumba lililobaki na kiganja. Miche yake haikauki. Zuhura hanisemeshi mpaka leo, na ana haki. Bakari mwenyewe alinyamaza miaka miwili, kisha siku moja nikiwa napita akaniita, akaniuliza kama nina oili chakavu ya kupaka kwenye nguzo za kitalu chake zisiliwe na mchwa. Nikamletea. Tangu hapo tunaongea. Mambo ya mvua, mambo ya kusini, watoto. Ile habari hatujawahi kuigusa.

Mpaka juzi. Baada ya kumwona yule fundi wa trekta jekundu nilikwenda kwenye kitalu, nikamwambia nataka kuandika, na kwamba siwezi kuandika bila ruhusa yake. Nikamwambia nitabadilisha jina lake akitaka. Alikuwa anamwagilia. Akamwagilia mstari mzima mpaka mwisho, akaweka kopo chini.

Akaniuliza kama nitaandika na ile karatasi ya kwanza, ile iliyosema uzembe. Nikasema nitaiandika.

"Basi jina usibadilishe," alisema. "Niandike Bakari. Na uandike kwamba nilikuwa najua kazi yangu."

Someni basi, nyie wote, na yule wa Mikocheni asome mara mbili. Bakari alikuwa anajua kazi yake.